Nyimbo Ulizomwachia Stambuli

Baba yetu mpendwa Lukasi Kobelo, leo umetimia mwaka mmoja tangu ulipotutoka, tarehe 14 Julai 1997, ukiwa shambani Mlali umeshika jembe, si gitaa.

Nyimbo zako zilipita mia mbili. Ulitunga ukisubiri zamu kiwandani, ulitunga ukimenya viazi. Maneno uliyaandika kwenye karatasi za mifuko ya saruji, na Mama akawashia moto nyingine bila kujua. Hukumkasirikia. "Kama ulikuwa wimbo mzuri utarudi wenyewe," ulisema.

Hukumpita mtu bila kumjulia hali. Misa ulichelewa kwa ajili ya salamu. Kucha za mkono wa kulia hukuzikata hata ulipokuwa mkulima, na majirani walikucheka ukipalilia kabichi na vidole vya mpiga gitaa. Nawe ulicheka nao.

Jambo moja tu lilikushinda kulicheka. Mwaka 1991 kiwanda kilipofungwa, vyombo vya bendi yenu ya kiwanda vilipakiwa kwenye lori pamoja na mashine. Stambuli, mwimbaji wako kwa miaka kumi na saba, sisi tukimwita Baba Mdogo, akapata kazi ya kuimba hotelini Dar es Salaam. Alikuja kukuaga. Tulikuwa barazani, tukasikia yote.

"Twende wote, kaka."

"Bendi haijafa, Stambuli. Ukienda, wewe ndiye uliyekufa. Kwangu umekufa."

Alichukua mkoba wake akaondoka. Kwa miaka sita hukulitaja jina lake, nasi tukajifunza kutolitaja. Tulihama mjini, tukaja kulima Mlali.

Oktoba, miezi mitatu baada ya kukuzika, Mama alifungua debe la mbegu za maharage. Chini ya mbegu palikuwa na mfuko wa nailoni, ndani yake kaseti tano. Tulijua ulikuwa ukijirekodi kwa redio yako siku ambazo sisi tuko shambani. Hatukujua umerekodi nyingi hivyo. Zilikuwa na nyimbo kumi na moja ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia.

Mwanao Mikaeli alianika betri juani, akaweka kaseti ya kwanza. Kwanza akawika jogoo. Kisha sauti yako, karibu kabisa, kama uko chumba cha pili: "Editha, funga mlango ukitoka, narekodi."

Mama akainuka akaufunga mlango. Alirudi akakaa, ndipo akatambua alichofanya, akajifunika kanga usoni.

Uliimba ubeti wa kwanza. Ulipofika kwenye kiitikio ukanyamaza, gitaa likiendelea, ukasema taratibu: "Stambuli." Gitaa likazunguka mara nne bila sauti ya mtu. Kisha ukaingia na ubeti wa pili. Wimbo uliofuata ulikuwa vilevile. Zote kumi na moja, Baba. Kila mahali ulimwachia nafasi yake na ukamwita.

Siku zile nyumba ilitushinda. Juliana alisema analisikia jina hilo hata redio ikiwa imezimwa. Mama alipakua ugali kwenye sahani moja ya ziada, akairudisha jikoni, na kesho yake akafanya hivyohivyo.

Msambazaji mmoja wa kaseti wa Dar es Salaam alipopata habari, alikuja kutaka kuzitoa. Alizipenda. "Ila hayo matundu tutayaziba," alisema. "Ninaye kijana anaimba vizuri sana. Na kinanda kitafunika hizo kelele za kuku."

Mama alimwangalia. "Mume wangu hakumwita kijana wako."

Ikabidi tumtafute aliyeitwa. Tuliambiwa hoteli iliacha bendi ikaweka disko, naye akarudi kwa wajomba zake Kisaki, anauza mafuta ya taa karibu na stesheni. Mvua za El Nino zilikuwa zimekata barabara. Cecilia alifika huko Mei, amebeba redio na kaseti moja.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Lukasi amekutuma?"

Hakuwa na habari kwamba umefariki. Cecilia alipomwambia, alikaa palepale kwenye kizingiti, hakuuliza hata ulikufa kwa nini. Cecilia akabonyeza redio. Ulipomwita, Stambuli aligeuka haraka kutazama nyuma yake.

"Rudisha," alisema. Akasikiliza mara nne. Mwishoni akasema, "Nilimwandikia barua mbili. Sikuzituma. Nilijiambia, maiti haiandiki barua."

Baba, hatuandiki haya kukusuta. Tunayaandika kwa sababu tulikaa nawe meza moja miaka yote ile, tukadhani umemsahau mwenzako, kumbe kila tulipotoka kwenda shambani ulikuwa unamwita.

Juni Stambuli aliingia studio. Meno mawili hana, na sauti imekwaruza. Lakini hakuna aliyempa ishara. Kila ulipomwita aliingia mahali penyewe, kama mlifanya mazoezi jana. Akaimba nyimbo kumi.

Wimbo wa kumi na moja ni tofauti. Hapo baada ya kumwita hukupiga tena gitaa. Unasikika ukipumua, ukisubiri, mpaka utepe unaisha. Fundi mitambo alimuuliza ataimba nini. Stambuli alivua kofia yake akasogelea kipaza sauti.

"Naam, kaka," alisema. "Nimekuja."

Msambazaji alitaka pakatwe. Hakuna kati yetu aliyekubali. Kanda inaishia hapo.

Imetoka wiki mbili zilizopita. Inapigwa stendi ya mabasi ya Msamvu, inapigwa redioni, na watu wanatusimamisha njiani kutuambia kwa furaha kwamba wamekusikia. Tunawashukuru. Lakini tukueleze ukweli: bado hatujazoea. Sauti yako inatoka dukani kwa mtu, na kabla akili haijakumbuka, miguu imeshaanza kukukimbilia. Wala hatujui kama ulitaka zipatikane. Kama tumekosea, utusamehe.

Misa ya kukuombea itasomwa Jumapili, tarehe 19 Julai, saa tatu asubuhi, hapa Mlali. Baba Mdogo amekwisha kufika. Alikuja juzi, akaomba jembe, akapalilia kaburi lako peke yake tangu asubuhi hadi adhuhuri, akakusomea dua kwa imani yake. Mama alimpelekea uji kulekule, akakaa naye. Hatukwenda kusikiliza walichozungumza.

Unakumbukwa na mkeo Editha. Wanao Cecilia, Mikaeli na Juliana. Wajukuu zako Ezekiel na Furaha. Dada yako Agnes. Mdogo wako Stambuli. Majirani wa Mlali, na wote waliofanya kazi nawe kiwandani.

Pumzika kwa amani, Baba. Tutakukumbuka siku zote, hata siku utepe utakapokatika.