Maharage Yaliyofungwa

Jumamosi, 3 Julai
Nimefungua duka, nimefagia, nimekunja midomo ya magunia. Mchele, dengu, maharage. Mpaka saa nne mteja mmoja, naye alitaka chenji tu.

Ng'ambo ya barabara, kwa Elibariki, kumejaa. Alikuja kutoka Arusha, Manyara ilipofanywa mkoa, akajua Katesh yetu itakua. Kila kitu chake kimo kwenye pakiti. Sukari anauza chini ya bei ninayonunulia mimi jumla. Simpendi. Ana adabu, na hilo linaniudhi zaidi.

Jumatatu, 5 Julai
Nimemkumbuka sana marehemu mume wangu. Enzi za mgawo tuliuza pamoja katika duka la ushirika. Foleni tangu alfajiri. Sukari ikifika, vigelegele. Nani angeuliza bei ya jirani? Jirani hakuwepo. Biashara ilipofunguliwa tukajenga hili la kwetu, akalipaka bluu kwa mkono wake. Nilikuwa na raha hadi watu wakachoka kunisikia.

Kaka yangu wa Nangwa anataka nifunge, nikalime naye. Nimemjibu nangoja mnada wa Jumamosi. Ukipita bila mauzo, nafunga kweli. Naogopa.

Alhamisi, 8 Julai
Nimepata akili. Nimenunua mifuko ya nailoni, nimepima maharage yote kilo kilo, nimeziba kwa moto wa mshumaa. Vidole vimeungua. Duka linang'aa kama la mjini. Elibariki amechungulia, akarudi kwake. Roho yangu kwatu!

Jumamosi, 10 Julai
Siku ya mnada. Aibu.

Mama Tluway, mteja wangu tangu ushirika, alishika pakiti akaigeuza na kuigeuza. "Sasa mama, hapa nitang'ataje?"

Mimi, mzaliwa wa Nangwa, nilisahau! Kwetu hakuna anayenunua maharage bila kuzamisha mkono mpaka chini ya gunia, atoe punje, aing'ate, ajue kama ni ya msimu huu. Kufunga ni kuficha. Walivuka barabara wote. Na Elibariki, mjanja yule, alikuwa ameweka magunia wazi mlangoni. Alhamisi alipochungulia aliona nimefunga yangu, akafungua yake.

Nililia nyuma ya kaunta. Halafu hasira ikanipanda. Nikachukua kisu, nikatoka nje, nikapasua pakiti zote mbele ya watu na kumimina kwenye magunia. Wakacheka. Mama Tluway akacheka kuliko wote, akarudi, na wengine wakamfuata. Jioni magunia yalikuwa yamelala matupu.

Jumapili, 11 Julai
Mgongo unauma. Kanisani nimesinzia. Kaka nimemtumia salamu: sifungi.

Jumanne, 13 Julai
Nimekaa na kufikiri. Maharage nitamshinda. Sukari siwezi, nikishindana naye nitakula duka lote. Iliyobaki rafuni nimeimaliza kwa bei ya hasara, siagizi tena. Pale ilipokaa tangu mume wangu yupo, nimeweka chumvi.

Saa kumi nikataka chai, sukari sina. Nikavuka, nikanunua kilo moja kwa Elibariki. Akanihudumia vizuri.

Nimeinywa peke yangu, mlango wazi, barabara imetulia. Chai tamu, kama ile ya enzi za foleni. Imeniuma kidogo.