Ua la Tawi Lenye Uzi Mwekundu

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu haukubali kukuandikia bila kuanza hivyo.

Nakumbuka likizo ile niliyorudi Bagamoyo kutoka chuoni Uganda, nikakukuta uani unafunga vikuba vya harusi, vile vifungu vya maua anavyovishwa bibi harusi. Kati ya mwaridi wako wa marashi na ule mweupe wa ukutani ulikuwa umeota mche wa tatu, mtoto wao. Ulichanua sana, ila kila ua lilipukutika bila tunda. Nikasema, kwa majivuno ya mwanafunzi, "Huo tasa, Shangazi. Ung'oe upate nafasi."

Mikono yako ikasimama. "Ung'olewe kwa kuwa hauzai?"

Tasa: neno hilo ndilo mumeo alilokupa pamoja na talaka. Kwa ajili ya neno hilo wanawake wa mtaa walikuagiza maua, kisha wakamwita mwenye watoto amvishe bibi harusi. Nililijua hilo, na bado nikalitamka.

Basi nikataka kulifuta. Nilikueleza kromosomu, nyuzi ndogo sana zinazobeba urithi wa mmea: mwaridi mmoja unazo ishirini na nane, mwingine kumi na nne, mtoto wao kapata nusu ya kila mmoja, ishirini na moja. Zikitafutana mbili mbili, kila moja na ya kufanana nayo, ili mbegu itungwe, kumi na nne hupatana na saba hubaki peke yake. Nilikuwa na kolkisini kidogo, dawa ya kuzifanya ziwe maradufu, kila moja ipate mwenzake. Nikatia matone kwenye chipukizi, nikalifunga uzi mwekundu.

"Dawa yenyewe imechelewa kufika Bagamoyo miaka thelathini!" ukacheka. Mimi sikucheka.

Tawi lilipotoa ua la kwanza uliniandikia. Nikakuagiza ulipake chavua yake kwa unyoya wa kuku, kisha usiliguse mpaka litoe tunda. Barua yako iliyofuata ilikuwa fupi: "Nimelichuma. Nisamehe, mwanangu."

Nilikujibu kwa hasira. Niliandika kuwa umeiharibu kazi yangu, kwamba hukujua ulichokishika. Chini nikaandika "Binti wa kaka yako", kana kwamba si wewe uliyenilea tangu mama alipofariki.

Nilipofika nyumbani, matanga yako yalikuwa yamekwisha. Mwanaidi, yule binti wa jirani, aliyeolewa siku ile ulipolichuma ua, akanifuata uani.

"Nilikataa kuvishwa na mwingine," alisema. "Nikamwambia, Bi Mkubwa, nivishe wewe kwa mkono wako. Mvua ilikuwa imepukutisha maua yote, limebaki hilo moja la tawi lenye uzi. Alilitazama, dada, mpaka mama akamwuliza kama anaumwa. Kisha akalichuma, analia huku anacheka. 'Haya, leo mmenipa kazi ya mama mtu!'"

Barua yangu niliikuta chini ya mto wako. Ilikuwa imefunguliwa.

Shangazi, ulijua vizuri ulichokishika. Mimi ndiye sikujua.

Jana tawi lile lilichanua tena, ua moja. Unyoya ninao, na chavua ni njema, nimeipima kwa hadubini. Ningengoja, huenda ningepata mbegu ya kwanza ya mwaridi ule. Asubuhi hii nimelichuma likiwa na umande wake, kama ulivyonifundisha, nikalileta kaburini kwako.

Mche sitaung'oa.

Pumzika.

Mwanao