Mtu wa Mlangoni

Kansanga, Kampala
Jumatatu

Kaka yangu mpendwa Pitshou,

Salamu nyingi zikufikie huko Arua, au popote barua hii itakapokukuta. Natumaini mgongo umepoa na biashara ya vitenge inakwenda. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio mgonjwa, na sababu utaijua kabla hujamaliza kusoma. Mama alipiga simu kutoka Bukavu, akauliza habari zako kwanza kama kawaida yake, kisha akauliza Valère ataleta lini mahari kwako, wewe uliyebaki mahali pa baba. Nilimjibu jibu ambalo Valère amenipa mwaka mzima: picha anayoichora ikiisha.

Hali yangu unaijua. Hapa Kansanga wauza nyanya wananiita mke wa Valère, lakini nyumbani kwetu mimi bado ni binti ambaye hajaombwa. Ndiyo maana picha ile niliingoja kwa hamu kuliko hata waliolipa ichorwe.

Waliolipa ni familia ya afande Kidega, mwanajeshi mstaafu wa Luzira. Walitaka mjukuu wao, Adyero, achorwe kwa mfano wa ile picha maarufu ya Velázquez, mchoraji wa mfalme wa Hispania wa karne ya kumi na saba. Nakala yake Valère aliibandika ukutani tunapoishi, na jioni alinifundisha kuisoma. Katikati kasimama binti mfalme, mtoto mdogo mwenye gauni pana kupita kiasi. Mjakazi amempigia goti akimpa maji katika chombo chekundu cha udongo. Kushoto yupo mchoraji mwenyewe, na turubai lake kubwa limetupa mgongo, hatuoni anachora nini. Ukutani kuna kioo, na ndani ya kioo mfalme na malkia, ambao chumbani kwenyewe hawaonekani. Valère alisema wasomi wanabishana mpaka leo: wengine wanasema kioo kinaonyesha watu waliosimama hapa tulipo sisi watazamaji, wengine wanasema kinaonyesha tu kile kilichochorwa kwenye turubai.

Nilimwambia hao wasomi wamekosa kazi, wamuulize mtu wa mlangoni. Maana nyuma kabisa kuna mlango wazi, na mwanamume amesimama kwenye ngazi. Pale alipo, turubai analiona kwa mbele. Anaona kila kitu, na amenyamaza. Valère alicheka sana, akanisifu kwamba nina macho.

Mjakazi wa kupiga goti nilikuwa mimi. Valère unamjua, hachori sura kwa kukumbuka wala kwa picha ya simu. Lazima mtu asimame mbele yake. Nilipiga goti mpaka miguu ikafa ganzi, turubai limenipa mgongo, nami nimekatazwa kuchungulia. Sikulalamika. Nilijiambia napiga goti kwa ajili ya ndoa yangu. Baadaye akalihamishia Luzira ili amalizie sura za wenyeji.

Juzi Florence, binti wa afande na mama yake Adyero, ambaye ni mjane, aliniita nikaione picha kabla ya wageni. Valère alikuwa mjini akitafuta fremu. Nilivaa vizuri, nikaenda. Florence alinipokea kwa mikono miwili, kwa kile Kiswahili cha kambi ya jeshi alikolelewa.

"Wifi, karibu. Mimi nasikia habari yako tu, leo naona wewe."

Nilidhani ni ukarimu wake. Kisha Adyero akaja, akapiga goti kunisalimu kama wanavyolelewa watoto wa kwao, akaniita shangazi.

Picha ilikuwa sebuleni. Ni nzuri, kaka, siwezi kusema uongo. Adyero yuko katikati, na mimi niko chini kwa magoti. Kushoto turubai lipo ila mchoraji hayupo. Nilimtafuta, nikamkuta kwenye kioo, amevaa suti, bega kwa bega na Florence. Nikajiambia labda ndio ule ubishi wa wasomi, labda kioo kinaonyesha rangi tu na si watu. Niling'ang'ania wazo hilo kwa nguvu zangu zote. Kisha nikatazama mlangoni.

Kwenye ngazi umesimama wewe, na kovu lako la juu ya jicho. Wewe uliyeniambia kwamba tangu Pasaka hujatoka Arua.

Florence aliona ninapotazama, akanieleza kwa furaha akidhani najua. Afande alikuwa amekataa kumsikiliza mkimbizi asiye na mtu wa kumsemea. Valère akaleta kaka yake, Pitshou. Kaka huyo alikaa sebuleni pale, akamwomba Florence kwa adabu awe mke wa Valère, wazee wakaridhika. Alisema pia kwamba wana dada yao mmoja anayekaa na Valère Kansanga, akimpikia.

"Kaka yako nasema vizuri sana," Florence aliniambia. "Baba napenda yeye."

Yule mama hana kosa, naye amedanganywa. Nilikunywa chai yake nikaaga. Valère nitamlilia, na siku moja nitachoka kulia. Lakini wewe ulipaswa kukaa kwenye kiti cha baba unipokelee mahari, ukaenda kumwombea mke mwingine mwanamume ninayelala naye kitanda kimoja. Umenisaliti, kaka. Nimetafuta neno la upole zaidi, sikulipata.

Florence ameniomba niwepo Jumamosi mtakapopeleka mahari, nami nimekubali. Desturi yao naijua: msemaji wa upande wa mume huwasimamisha watu wake mmoja mmoja mbele ya wazee na kutaja kila mtu ni nani. Msemaji ni wewe. Nitakaa mstari wa mbele, na zamu yangu ikifika nitasimama ili uwaambie mimi ni nani. Mama nimemwambia tu kwamba Jumamosi kuna mahari. Amelia kwa furaha. Atakuwa kwenye simu, mkononi mwangu, akikusikiliza.

Wasalimu wote walio karibu nawe, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi, ndugu yako wa tumbo moja,

Nabintu