Kichwa cha Shaba

Kaka Ngumbao,

Shikamoo, kwa kuwa ulinitangulia kuzaliwa, si kwa lingine. Mama ni mzima, na muhogo umeshika.

Yule Mjerumani wa Watamu, mkusanyaji wa masalia ya vita vyao, amenifukuza kazi. Ulipokuja kunitembelea uliiba kichwa cha kombora cha shaba kabatini mwake, ukaweka cha zinki ulichokitoa katika sanduku lake la akiba. Ulidhani vyote ni vilevile. Shaba iliwaishia Wajerumani vitani, wakatengeneza vya zinki na kuvipaka rangi ya shaba. Hata mimi mfuta vumbi nilikijua hicho cha zinki kwa uzito, nikakirudisha palepale.

Mzee huyo alipogundua, akaniuliza nani aliingia. Nikamjibu sina mgeni, wala sina kaka.

Siku hiyo bado ulikuwa ni uongo.

Kache