Kona ya Sufuria Namba Mbili

Nyumbani kwetu,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea. Marahaba, na Mwenyezi Mungu akuzidishie. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu na watoto. Mgongo unaendeleaje? Usiniandikie kwamba haujambo ili tu nisihangaike. Wifi alishanidokeza kwamba siku hizi unalala sakafuni. Kama ni kweli, tandika blanketi mbili. Usijifanye kijana.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama hajambo, ila masikio ndiyo yanazidi kumwacha. Unamwita mara tatu hasikii, lakini akisengenywa mtu chumba cha pili anasikia mpaka nukta. Shemeji yako kikohozi kimemwachia. Mpwa wako mkubwa ndiye aliyeniazima kalamu hii, na nimemwambia akae mbali, kwa sababu ninayoyaandika leo ni yangu na wewe.

Uliniuliza kama kile cheo cha ukufunzi nimekipata, ukasema umeshawatangazia jamaa wote wa huko kwamba dada yako sasa ni mwalimu wa kiwanda. Mdogo wangu, tangazo hilo lishushe kwanza. Nitakueleza yote bila kuficha, maana ni afadhali uyasikie kwangu kuliko kwa mpita njia.

Kazi yangu unaijua. Mwaka huu natimiza miaka ishirini na moja nikipika sabuni. Tuna sufuria mbili, na kila moja watu wanne wanaweza kusimama ndani wakaongea bila kugusana mabega. Tunatia mafuta, tunatia kostiki, ile dawa kali inayochoma ngozi, na mvuke unachemsha kutoka chini. Ukidhani imeiva, unachota kidogo na kuidondoshea matone ya kupimia. Ikigeuka waridi, kostiki bado imo. Isipobadilika rangi, sabuni imeiva, mshukuru Mungu ukapumzike.

Mwanzoni mwa mwaka tuliletewa afisa utumishi mpya, binti ambaye ningeweza kumzaa. Tulimbatiza Bi Fomu, maana hapiti mahali bila kuacha karatasi. Mpango wake ulikuwa kwamba kila mkongwe amfundishe mtu mmoja kazi yake yote kwa miezi mitatu. Kuna orodha ya hatua, na mwanafunzi akiiweza hatua mnatia sahihi wote wawili. Mwishoni anapika peke yake. Akifaulu anaajiriwa moja kwa moja, na mkongwe wake anapelekwa kozi awe mkufunzi. Hapo ndipo cheo kile kilipotoka.

Mpango mzuri. Lakini fundi wetu wa mitambo, tunayemwita Mzee Spana, alituambia mezani huku anatafuna kwamba akufukuzaye hakwambii toka, anakuletea fomu. Tulicheka, ila kilikuwa kicheko cha meno tu. Mimi nina darasa la saba, mdogo wangu, na miaka hamsini inanipungia mkono. Nikishamaliza kumwaga yote niliyo nayo, watanihitaji kwa lipi? Hilo nilijiuliza kila siku nikivaa aproni.

Mwanafunzi niliyepewa ni mjane mmoja kutoka kitengo cha kufungasha, tunamwita Mama Pacha kwa ajili ya wanawe wawili wa miaka sita. Anashika upesi. Daftari lake analibeba ndani ya mfuko wa plastiki lisilowe kwa mvuke, na jambo ukilisema mara moja kesho yake analo. Nilimpenda. Na hapo hapo nilimwogopa.

Sasa nikuambie nilichofanya. Miaka minane iliyopita bomba la mvuke la sufuria namba mbili lilipasuka. Waliliunga, likawa fupi kidogo, na tangu hapo halifiki kwenye kona ya upande wa ukutani. Kona ile inapoa, na kostiki inatuama chini yake. Ukichota sabuni juu, matone yanakuambia imeiva, kumbe chini bado inauma. Dawa yake ni ndogo tu. Unashika mwiko mrefu, unaikoroga kona ile mpaka chini kabisa kwa dakika ishirini, ndipo unapima. Hakuna aliyenifundisha, mikono yangu iligundua yenyewe. Na kwa miaka yote minane sikumwambia mtu. Nikienda likizo, nilikuwa nahakikisha namba mbili haijapangiwa kazi.

Bi Fomu aliponihoji ili aandike orodha ya hatua, nilimtajia kumi na sita. Ya kumi na saba nikabaki nayo. Na tulipokuwa tukipika namba mbili pamoja, ikifika saa ya kukoroga kona, nilikuwa namtuma Mama Pacha stoo akalete matone. Akirudi anakuta nimemaliza, nimeegemea ukuta, najifuta jasho. Alikuwa akinipa pole.

Nilijiambia kwamba sijadanganya, kwa kuwa sijaulizwa. Nikisali, jambo hilo nililipita kama mtu anayefagia chumba na kuacha takataka nyuma ya mlango.

Siku yake ya kupika peke yake alipangiwa sufuria namba moja, nikalala usingizi mzuri. Asubuhi tunafika, vali ya kufungulia mvuke wa namba moja imekwama, na msimamizi akamhamishia namba mbili. Mimi sikuruhusiwa kubaki ndani, lakini tulikutana mlangoni, mimi natoka na yeye anaingia. Ningeweza kumnong'oneza. Neno moja tu. Nilifungua mdomo, nikamuuliza kama amekunywa chai.

Siku mbili baadaye, akina mama wa kufungasha wakaanza kujikuna. Mikono ikawa na mabaka mekundu. Muuguzi wa kiwanda aliwaosha kwa maji mengi na kuwapaka dawa, na namshukuru Mungu kwamba kesho yake walikuwa wamepona. Sabuni yote ikawekwa kando. Msimamizi akasema Mama Pacha alikuwa na haraka, hakupima vizuri. Uamuzi ungetolewa Ijumaa, na kila mtu aliujua: hataajiriwa, na kufungasha hakuna pa kurudi, maana nafasi yake ilishapewa mwingine.

Nilijitetea moyoni kwamba labda watamhurumia. Alhamisi mchana akanifuata kwenye benchi la kubadilishia viatu, akakaa karibu yangu. Nilidhani ameshajua. Akasema, "Dada, usijilaumu. Wewe ulinifundisha kila kitu. Kichwa changu ndicho hakikushika." Akanishika mkono, ananifariji mimi.

Mdogo wangu, nimewahi kutukanwa mara nyingi. Hakuna tusi lililoniingia kama shukrani ile.

Jioni nilipiga magoti, maneno yakagoma. Nilikaa pale mpaka shemeji yako akauliza kama nimepoteza kitu chini ya kitanda. Nikamweleza. Akasema, "Kazi ni yako na roho ni yako. Mimi nitakula utakacholeta." Wewe unamjua, kwake hiyo ni hotuba ndefu.

Ijumaa nilifika mapema kuliko wote, nikasimama mlangoni kwa Bi Fomu. Alikuwa pamoja na msimamizi, na barua ya kumkatalia Mama Pacha ajira ipo mezani, imeshachapwa, bado sahihi. Nikawaambia waniache nisimame tu, kwa kuwa nikikaa nitabadili mawazo. Nikaeleza kona, nikaeleza bomba, nikaeleza na yale matone ya stoo.

Msimamizi alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi ndani ya gunia. "Kwa hiyo, Mama Mpishi, miaka minane sufuria nzima ya kiwanda iko kichwani mwako? Na ungeanguka bafuni ukafa?"

Nilisema nisingekuwepo kuulizwa.

Bi Fomu hakucheka. Aliniuliza kwa upole kwa nini sikusema. Nikamjibu kwamba niliogopa nikishamfundisha mwenzangu yote wataniambia asante na kwaheri. Hapo akamgeukia msimamizi na kumuuliza kama kuna siku yoyote sisi wakongwe tuliambiwa kwamba tukimaliza kufundisha tutabaki na kazi zetu. Msimamizi akatazama kalamu yake. Bi Fomu akasema hata yeye hakuwaza kutuambia, alidhani ni jambo linalojulikana. Kisha akaichukua ile barua ya mezani, akaichana mara mbili, taratibu, kama mtu anayekunja nguo.

Usidhani nilitoka pale napigiwa makofi. Nilipewa barua ya onyo, imo kwenye faili langu na nimeitia sahihi mwenyewe. Cheo cha ukufunzi kimesogezwa. Wataniangalia miezi sita kwanza. Akina mama wa kufungasha niliwaomba radhi mmoja mmoja. Mmoja alinisamehe. Mwingine akasema atanisamehe ngozi yake ikimruhusu.

Mama Pacha alipoelezwa, hakuniambia neno. Jumatatu kimya, Jumanne kimya. Alikuwa ananisalimia kwa kichwa, kama mtu anayepita karibu na kaburi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alikuwa na haki ya kunitukana na hakuitumia. Ijumaa tukiwa mbele ya sufuria, alitoa daftari kwenye mfuko wake wa plastiki, akafungua ukurasa mpya, akanikazia macho. "Kuna kingine ulichobakiza?"

Kilikuwepo. Vilikuwepo vingi, ndugu yangu, hata mimi nilishangaa. Namna ya kusikia mvuke ukilegea. Namna mafuta ya pipa jipya yanavyotaka subira kuliko ya pipa la zamani. Kwa nini nasimama upande wa kushoto. Tuligeuza ndoo tukazikalia, nikasema mpaka koo likakauka, naye anaandika tu. Nilipomaliza akahesabu kurasa, saba. Akasema, "Dada, ulikuwa umebeba mzigo." Halafu akanipa maji. Msamaha hakuutaja, na mimi sikuuomba tena. Maji niliyanywa.

Bi Fomu aliitisha mkutano, akasoma mbele ya wote karatasi iliyotiwa sahihi na mkurugenzi: anayefundisha haondolewi kwa sababu ya kufundisha. Mzee Spana alidai kuisoma kwa macho yake, pande zote mbili, hata upande usio na maandishi. Kesho yake akamwita mwanafunzi wake na kumwonyesha boksi la vifaa ambalo hakuwahi kulifungua mbele ya mtu.

Na kozi nimepelekwa, ingawa cheo bado. Bi Fomu alisema mtu asisubiri cheo ndipo ajifunze. Siku tatu za wiki iliyopita nilikaa darasani ghorofa ya juu na watu kumi na wawili, tukifundishwa jinsi ya kufundisha. Nilikuwa mzee kuliko wote, na mwandiko wangu ulikuwa mbaya kuliko wote. Nilinyanyua mkono mara nne.

Siku ya pili, darasa likiendelea, nilijua kwamba chini Mama Pacha anapika namba mbili peke yake, akirudia jaribio lake. Tangu lile bomba liungwe, sufuria ile ilikuwa haijawahi kuiva vizuri bila mimi kuwepo. Nilidhani nitaumia. Mchana niliteremka, nikakuta wameshamwaga, wameshapima juu na chini, rangi haikubadilika: amefaulu. Nilichukua kipande, nikaenda bombani, nikanawa mikono yangu yote miwili kwa sabuni ambayo sikuipika mimi. Haikuniuma popote. Kisha nikaenda kula, na nikamaliza sahani.

Basi waambie jamaa wa huko kwamba dada yako bado ni mpishi, na ni mwanafunzi. Msalimie sana wifi yangu, mpe pole ya kumuuguza mtu mkaidi. Mabinti wabusu kwa niaba yangu, na yule wa mwisho, Kichwa Ngumu, mwambie shangazi anamwombea mtihani wake. Mama anakubariki, shemeji yako anakusalimu, na wapwa zako wote wanasema shikamoo Mjomba.

Mungu aunyooshe mgongo wako na riziki yako, akulinde uendako na urudiko.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Mpishi wa Sabuni.