Mita ya Nyumba Isiyo na Mtu

Kwemtindi, Lushoto
4 Machi 2024

Mwanangu Clemence,

Bwana Yesu asifiwe. Unaendeleaje huko Mpanda, na kile kifua chako? Mimi mzima, ila baridi imetukalia na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Mapea yameiva, nayala peke yangu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu naishia kusema "nzuri, nzuri" na mtandao unakatika. Baba, umeme unaoninunulia unakuja pungufu. Jirani yangu Glory aliniingizia namba, mita ikasoma uniti chache mpaka akadhani kakosea. Tukaenda ofisi ya umeme. Kijana wa dirishani akasema ni kodi ya jengo. Nikamwambia mbona yangu hukatwa kila mwezi? Akasema, mama, una mita mbili kiwanja kimoja, na deni la ile ya pili limehamia kwako. Ya pili ni ya nyumba yako wewe, uliyoiacha na kuondoka.

Si mimi tu. Mzee Rubeni amekatwa kodi ya banda la ng'ombe, eti kwa kuwa lina balbu. Kwenye mkutano alisimama akamuuliza mtendaji, "Kwa hiyo ng'ombe wangu nao ni wapangaji?" Watu walicheka mpaka kikao kikavunjika. Hela zenyewe wamejengea geti la kukaribisha wageni pale njia panda, lina taa za rangi zinawaka mpaka mchana. Daraja la kwenda zahanati bado ni magogo mawili. Inauma, mwanangu.

Wanasema deni litaacha kunifuata mita ya nyumba yako ikiondolewa, ila lazima ukubali mwenyewe. Nifanyeje?

Ni mimi mama yako,
Efrazia


Mpanda
20 Machi 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Kifua kimetulia, usihangaike. Kazi ya useremala ipo, mbao tu ndizo zimepanda bei. Habari ya ng'ombe wa Mzee Rubeni nimewasomea mafundi wenzangu, wamecheka sana.

Mama, waache waing'oe hiyo mita. Nyumba haina mtu. Unalipia popo. Karatasi ya ruhusa nimeiweka humu ndani, nimeshasaini.

Na nakuomba usinibane kuhusu kurudi. Unajua ile nyumba nilimjengea nani. Rangi ya chumbani alichagua Eliza mwenyewe, halafu akaolewa na mwingine. Mimi nitalalaje humo?

Mwanao,
Clemence


Kwemtindi
11 Aprili 2024

Clemence mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia kifua kimepoa. Endelea kunywa tangawizi.

Nilikwenda ofisini na karatasi yako. Nilipanga foleni, wenzangu wote mikononi wana risiti wasizozielewa, kila mtu analalamika lake. Nilipofika dirishani kijana akaniuliza, "Humo anaishi nani?" Nilikuwa niseme hakuna. Mdomo wangu ukasema, "Anaishi mwanangu, katoka kidogo tu." Akanirudishia karatasi. Akasema nyumba yenye mtu haing'olewi mita.

Usinikasirikie. Eliza alikuumiza, najua, na mimi niliumia. Lakini mwenzako yuko Bumbuli, ana watoto wawili sasa. Wewe ndiye umebaki palepale. Mita ile ikiondoka, nitakuwa naamka asubuhi nakuta tundu ukutani, na nitajua hurudi. Acha wanikate. Nitawasha koroboi, nimekua nayo.

Nimekukumbuka, baba. Sina namna nyingine ya kulisema.

Mama yako,
Efrazia


Kwemtindi
30 Juni 2024

Clemence mwanangu,

Salama huko? Tangu Aprili hujajibu, na simu yako inaita tu. Nimewaambia watu wa usharika kwamba una kazi nyingi. Mimi sijambo, magoti tu yanasumbua na hii baridi ya Juni.

Jana jioni uliingia ujumbe wako kwenye simu yangu. Namba tupu, hata salamu hakuna. Nikamwita Glory aniingizie. Mita ikakataa. Akarudia, ikakataa. Nikaanza kuwasema watu wa ofisi vibaya, Mungu anisamehe. Ndipo Glory akausoma ujumbe vizuri kuanzia juu, penye namba ya mita. Akasema, "Mama, hii si mita yako. Hii ni ya Clemence."

Tukavuka ua, tukaifuta vumbi ile mita, akaingiza zile namba. Ikapokea. Glory anasema deni lote limeisha na uniti zimebaki. Nilikaa kizingitini nikalia, naye akaniacha nilie.

Leo nimefagia humo ndani na nimewafukuza popo. Fundi Kornelio atakuja Jumatatu kupaka chumba chako rangi nyingine. Nimemwambia yoyote, isiwe ile.

Sijakupigia, na sitapiga. Naogopa usije ukaniambia ulikosea mita. Kwa hiyo sikuulizi. Nimewasha taa ya mlangoni peke yake, nyingine zote nimezima, ili uniti zisiishe kabla hujafika.

Mama yako