Funguo Mwishoni mwa Santuri

Chumba cha juu,
Karakana ya Makochi.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mpwa wangu Kijino,

Hujambo mama? Miguu yako vipi, bado inavimba kwa kusimama wodini kutwa? Na yule jirani yako anayegonga nyundo kila ukitaka kulala, amemaliza kujenga au ameanza upya? Sisi huku hatujambo. Bibi yako ni mzima, anakula, anagomba, anakunja nguo ambazo zimeshakunjwa. Mimi mjomba wako ndiyo usiseme. Nazidi kunenepa na kupendeza, mpaka wateja wanajaribu makochi yao kwa kunikalisha mimi kwanza.

Wiki hii nimevalisha viti kumi na viwili vya ofisi ya wakili, mahameli ya kijani. Unajua nimeshona viti vya sinema katika nchi tatu na vya meli mbili za abiria, lakini hivi vya wakili, hata mwenye kesi mbovu akikaa atajiona ameshinda.

Sasa Kijino, kaa chini. Ile diski ya Mama Fidla uliyonitumia, nilikuandikia kwamba bibi yako aliisikiliza akalia kwa furaha. Nilikudanganya. Alikaa, mikono mapajani, akasubiri mpaka mwisho, na baada ya mwisho akaendelea kusubiri. Kisha akasema, "Anapiga vizuri," akaenda kukunja nguo.

Kosa si lako. Nilikutuma utafute nyimbo za zamani za mpiga fidla ambaye hata wauza muziki hawamjui, na sikukuambia kwa nini. Ningekuambia, ningelazimika kusema na nilichofanya nikiwa na miaka tisa.

Babu yako alikuwa mtunza ukumbi, hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba Mama Fidla alirekodi santuri yake katika ukumbi ule ule, kwa kuwa sakafu ya mbao iliipendezesha sauti ya fidla. Babu aliambiwa akae nje. Hakukaa. Alijibanza nyuma ya pazia, na wimbo wa taratibu ulipofika mwisho, sauti ya fidla ikiwa bado inaelea hewani, shada la funguo likamponyoka. Kwenye santuri unasikia yote: funguo zinaanguka, halafu mwanamume anasema polepole, "Samahani, mama." Mafundi walitaka warudie. Yule mama akakataa, akasema vizuri vile hataweza kupiga tena maishani mwake. Ikatoka hivyo hivyo, na babu akapewa moja.

Babu alipofariki, maneno hayo mawili ndiyo yaliyobaki ya sauti yake. Bibi yako alikuwa akiyasikiliza kila akimaliza kufua. Mpaka siku niliporudi shuleni mbio, nikajitupa kwenye kiti alipoiweka santuri. Nilisikia kitu kikikatika chini yangu kama biskuti. Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Watu wakiniuliza nilianzaje ufundi wa viti huwa nawajibu ni kipaji tu.

Mwaka jana akaniambia kwamba bado anamwota babu. Wanakaa wawili kwenye viti vya ukumbi, hakuna mtu mwingine, jua linaingia kwa madirisha ya juu na vumbi linacheza ndani yake. Babu anafungua mdomo, anaongea weee, na sauti haitoki. "Nimeisahau," akasema. "Mimi nikiisahau, yeye ataongea na nini?" Hapo ndipo nilipokuandikia.

Sasa ile diski yako, waliotoa upya wameifua na kuipiga pasi. Fidla inang'aa, lakini mwisho wamekata pale pale wimbo unapoisha. Babu wamemfagia pamoja na vumbi.

Nikaanza kutafuta mwenyewe. Nimeingia maduka ambayo hata panya wake ni wastaafu. Muuza santuri mmoja, mama mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, aliniuliza, "Mzee, yaani wewe unataka toleo bovu?"

"Bovu kabisa," nikamwambia. "Likiwa zima baki nalo."

Alicheka mpaka miwani ya juu ikashuka kuisalimia ya chini. Ndiye aliyenielekeza kwa fundi mstaafu wa redio, anayetoa upya santuri zilizosahauliwa, nakala chache chache, bila kuzisafisha. Nikamwandikia barua ya kurasa nne, na unajua shule yangu ilivyokuwa fupi. Alinijibu kwa mistari mitatu. Kwamba anayo. Kwamba wateja humrudishia wakilalamikia kelele za mwishoni. Kwamba mimi ni wa kwanza kuzililia.

Leo mchana tumeisikiliza. Bibi yako nilimkalisha kwenye kiti nilichomshonea, mimi nikakaa sakafuni, maana karibu na santuri sijiamini. Kijino, mimi nimesikia muziki kwenye meli na kwenye hoteli zenye mazulia ukutani, lakini ule ulikuwa kama kupitisha kiganja juu ya mahameli usiku umezima taa. Kuna mikwaruzo, kama mvua ndogo inayonyesha nyumba ya pili. Fidla inatembea ndani ya mvua hiyo bila haraka, na kile chumba chetu kikawa kirefu, sakafu ikawa ya mbao, dari ikapanda juu. Fidla ikanyamaza.

Funguo zikaanguka.

"Samahani, mama."

Na bibi yako, macho kayafumba, akajibu taratibu, kama unavyomjibu mtu aliye chumba kimoja nawe: "Si kitu, baba."

Sindano ikaendelea kukwaruza bure, maana mimi kuigusa sikuthubutu.

Nimekuwekea nakala yako humu. Ukifika mwisho wa wimbo usizime. Huyo ndiye babu yako. Na unisamehe ule uongo.

Msalimie mumeo Ngazi, mwambie ainame kidogo azipokee salamu. Wabusu mapacha. Mama yako mdogo anakusalimu, anasema picha uliyoahidi anaisubiri bado. Mungu akupe miguu myepesi na usingizi usio na nyundo.

Wako akupendaye hata akidanganya,
Mjomba, Bingwa wa Makochi.

Jumatatu asubuhi. Nimeifungua tena bahasha. Bibi yako kaamka amenuna. Nimemuuliza kulikoni. Anasema babu alimjia ndotoni usiku, wakakaa kwenye viti vyao, na sauti imemrudi, safi kabisa. Miaka yote hii kamsubiri aseme neno, na la kwanza alilosema ni kumuuliza funguo amezitia wapi.

Tangu alfajiri anafungua makabati. Acha nikamsaidie kutafuta.